Luthuli: Barabara inayosikika kabla haijaonekana

Ukitaka kujua kwamba umeikaribia barabara ya Luthuli jijini Nairobi, huna haja ya kusoma kibao wala kumwuliza mpita njia. Funga macho, utembee polepole. Masikio yatakueleza.

Hili ni jambo ambalo nilikuwa nimelipuuza kwa miaka mingi, hadi Jumamosi moja nilipoandamana na mpwa wangu kwenda huko kutafuta visikizi. Mpwa wangu ana umri wa miaka 19 na hajaona tangu alipokuwa mtoto wa miaka minne. Tulikuwa tungali katika barabara ya Tom Mboya, mimi nikikodolea macho majina ya maduka, aliponivuta mkono na kuniambia, "Mjomba, tumefika. Hebu sikiliza."

Nilisimama nikasikiliza. Kweli bwana! Mbele yetu spika moja ilikuwa ikinguruma kama lori linalopanda mlima. Ng'ambo yake mhubiri alikuwa akipaza sauti kupitia kipaza sauti kilichokuwa kikijaribiwa na mnunuzi. Kati ya hizo mbili benga ilikuwa ikilia, na juu ya zote wachuuzi walikuwa wakiita, "Kastoma, karibu! Chaja, kava, visikizi!"

Safari yetu haikuwa ya matembezi. Mpwa wangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kikuu, na alitakiwa kuripoti Jumatatu ya wiki iliyofuata. Wiki chache kabla ya hapo simu yake ya zamani ilikuwa imeanguka ngazini ikavunjika. Kwa mwanafunzi mwingine hiyo ingekuwa hasara. Kwake ilikuwa msiba. Simu ndiyo daftari lake, kitabu chake na macho yake. Ina programu ya kusoma kwa sauti kila kitu kilicho kwenye skrini: anapopitisha kidole, sauti humtajia alichogusa.

Jamaa walichanga. Shangazi alitoa chake, majirani wakatoa chao, na simu mpya ikanunuliwa. Furaha ilikuwa kubwa hadi ilipogunduliwa kwamba simu hiyo haina lile tundu la duara la kuchomeka visikizi vya waya. Tangu kampuni ya Apple ilipoliondoa tundu hilo katika iPhone 7 mwaka wa 2016, kampuni nyingine nyingi zimefuata mkondo huo.

Akachukua visikizi vyake vidogo visivyo na waya, alivyozawadiwa miaka mitatu iliyopita, akajaribu kuviunganisha na simu mpya. Vikakataa. Jirani mmoja anayejidai kujua mambo alisoma kasha la visikizi na kasha la simu, kisha akatoa hukumu: visikizi ni vya Bluetooth 4.2, simu ni ya Bluetooth 5.3, na hivyo viwili havipatani. Vitupwe, vinunuliwe vipya.

Dada yangu alinitumia shilingi 7,000 zilizosalia katika mchango. "Mnunulie vizuri," aliniambia. "Lakini kumbuka, zitakazobaki ndizo za kulipia kitanda chake hosteli."

Kwa hivyo kila shilingi ambayo ingeenda masikioni ilikuwa inatoka kitandani. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu tulipokata kona kuingia Luthuli.

JINA LA CHIFU ALIYENYAMAZISHWA

Barabara hii inatoka Tom Mboya na kuteremka kuelekea River Road. Ni fupi, mtu mwenye haraka huimaliza kwa dakika chache. Hata hivyo, ni wachache wanaoimaliza kwa haraka, kwa sababu pande zote mbili zimejaa maduka ya redio, televisheni, spika, nyaya, betri na simu.

Imepewa jina la Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, ile ya mwaka wa 1960. Serikali ya ubaguzi wa rangi ya nchi hiyo ilimpiga marufuku kuhudhuria mikutano na kuhutubia watu. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu aliyenyimwa kusikika amepewa barabara yenye sauti nyingi kuliko zote jijini.

Sauti hizo si za jana. Katika miaka ya 1970 na 1980, River Road na vichochoro vyake vilikuwa kitovu cha muziki wa Kenya. Wanamuziki kutoka pembe zote za nchi walikuja kurekodi hapo, na sahani za santuri, kisha kaseti, zikauzwa katika vijiduka vya eneo hilo. Mimi mwenyewe nilifika Luthuli kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1990, nikiwa mtoto, nikimshika baba mkono. Alikuwa amebeba redio ya kaseti iliyofungwa kwa leso. Kichwa cha kusomea kanda kilikuwa kimechoka, na sauti ya redio hiyo ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua.

Mwaka wa 2019 barabara hii ilifanyiwa ukarabati. Njia za waendao kwa miguu zilipanuliwa, magari yakapunguziwa nafasi na kuelekezwa upande mmoja, na miti ikapandwa. Mimi nilikuwa nimeona hayo kama urembo tu. Mpwa wangu aliyapima kwa fimbo yake nyeupe na kuniambia kitu kingine. "Hapa kuna nafasi ya kupita, mjomba. Tom Mboya nilikuwa nagonga watu. Shida ni hizi katoni."

Naam, katoni! Kila baada ya hatua chache, mwenye duka amesukuma bidhaa zake hadi njiani: spika moja hapa, rundo la televisheni pale, mkokoteni kule. Mwenye macho huzikwepa bila kufikiri. Yeye alizikwepa kwa kusikiliza.

Nilimshauri aweke vitu masikioni apunguze kelele. Alicheka. "Mjomba, nikiziba masikio nitakuwa nimefumba macho. Spika ile inaniambia mlango uko wapi."

DUKA LA KWANZA

Tuliingia katika duka moja lenye taa nyeupe na kioo kilichong'arishwa. Ukutani palibandikwa karatasi: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kijana aliyevaa shati nadhifu alitukaribisha kwa heshima, akavishika visikizi vya mpwa wangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mfu.

"Hivi ni vya zamani, mkubwa," aliniambia mimi, si mwenye visikizi. "Hii ni 4.2. Simu yake ni 5.3. Haziwezi kuongea."

Akatoa kijaluba cheusi. "Chukua hivi. Ni 5.4, vimeipita hata simu yenyewe. Shilingi 6,500, na kwa sababu ya huyu kijana nitawapa kwa 6,200."

Nilipiga hesabu. Shilingi 7,000 kutoa 6,200 ni 800. Kitanda cha shilingi 800 hakuna, hata sakafuni.

"Vinaweza kujaribiwa kwanza?" mpwa wangu aliuliza.

"Vikifunguliwa ni vyako," kijana akajibu.

Sikutaka kumkosea mtu ambaye huenda alikuwa akirudia alichofunzwa. Tulishukuru, tukatoka. Pale nje, katikati ya makelele, nilimkumbuka fundi aliyeitibu redio ya baba. Je, angekuwapo bado?

KWA FUNDI GHOROFANI

Alikuwapo. Ngazi ni zile zile, nyembamba na zenye giza, ambalo kwa mwenzangu halikuwa kikwazo. Alipanda mbele yangu. Meza ya fundi imejaa matumbo ya spika na simu badala ya redio za kaseti, na nywele zake zimekuwa pamba tupu. Hakunikumbuka mimi, lakini aliikumbuka redio ile.

Nilimweleza taabu yetu. Alimgeukia mpwa wangu moja kwa moja. "Mwanangu, ulipojaribu kuviunganisha, kulikuwa na simu nyingine nyumbani iliyowahi kuvitumia?"

"Ya mdogo wangu. Simu yangu ilipovunjika alikuwa akivitumia kusikilizia mpira."

Fundi alicheka hadi akakohoa. Akaeleza kwamba visikizi vya aina hiyo vina kumbukumbu. Vikitolewa kwenye kijaluba, huanza kwa kuitafuta simu vilivyoizoea. Kila mara kijana alipovifungua ili aviunganishe na simu mpya, vilikuwa vikimkimbilia mdogo wake katika chumba cha pili. Ili visahau, havina budi kubonyezwa kwa muda hadi taa yake iwake na kuzima harakaharaka, ishara kwamba viko tayari kupokea mwenyeji mpya.

"Taa," mpwa wangu alisema kwa upole.

Tulinyamaza sote. Ishara yenyewe ilikuwa taa, na maagizo yalikuwa yamechapishwa kwa maandishi madogo kwenye karatasi. Hakuna aliyefikiria kwamba mnunuzi huenda asione. Fundi alivibonyeza, akahesabu kwa sauti hadi 10 ili kijana aishike hesabu hiyo kichwani, kisha akamwambia atafute kwenye simu yake. Haikupita nusu dakika kabla ya tabasamu kuonekana.

"Vimeshika!"

Ile 4.2 na ile 5.3, zilizosemekana haziwezi kuongea, zilikuwa zikiongea. "Usiache mbachao kwa msala upitao," fundi akasema, akarudi kwenye kazi yake.

JINO LA MFALME

Pengine, msomaji, nawe una visikizi kwenye droo ambavyo umeambiwa vimepitwa na wakati. Hebu basi tueleze jambo hili kwa utaratibu.

Teknolojia hii ilianza kubuniwa mwaka wa 1994 katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Uswidi, na mmoja wa wahandisi walioiasisi ni Mholanzi Jaap Haartsen. Mwaka wa 1998 kampuni za Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba ziliunda chama cha kuisimamia. Jina Bluetooth, yaani Jino la Buluu, lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel kwa kumkumbuka Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Ile alama unayoiona kwenye simu ni herufi mbili za kale za huko, H na B, zilizofungwa pamoja.

Kwa ufupi, Bluetooth ni redio ndogo. Inatumia masafa ya gigahazi 2.4, ambayo pia hutumiwa na Wi-Fi. Ili isigongane na wengine, redio ya aina ile inayobeba muziki hurukaruka kati ya vijia 79 mara 1,600 kwa kila sekunde, simu na visikizi vikiruka pamoja kama wacheza ngoma waliozoeana.

Toleo la kwanza lilitoka mwaka wa 1999. La 4.0 lilitoka mwaka wa 2010 likiwa na njia ya pili, ya kutumia nguvu kidogo sana, iliyofaa saa na vipimo vya mapigo ya moyo. La 5.0 likafuata mwaka wa 2016, na la 6.0 mwaka wa 2024. Jambo kubwa ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba nambari hizi si daraja za utamu wa sauti. Hilo la 6.0, kwa mfano, lilivuma kwa sababu ya uwezo wa kupima umbali kati ya vifaa kwa usahihi zaidi, si kwa sababu ya muziki. Isitoshe, mengi ya mapya katika kila toleo ni ya hiari. Mtengenezaji anaweza kuyaacha na bado akaandika nambari hiyo kwenye kasha.

Muziki katika visikizi vingi bado hupita njia ile ya zamani, na simu za kisasa bado zina njia zote mbili. Ndiyo maana simu mpya haivikatai visikizi vya jana. Nifananishe na lugha. Mpwa wangu anajua Sheng na anajua Kiswahili sanifu. Akienda kwa nyanya yake kijijini, haongei Sheng. Anatumia maneno ambayo nyanya anayajua, na mazungumzo yanakuwa matamu. Simu na visikizi hufanya vivyo hivyo: huulizana kila mmoja anajua nini, kisha hutumia kilicho bora kati ya vile wanavyovijua wote wawili.

Ndivyo ilivyo pia kwa ile mitindo ya kuifinya sauti ili ipite hewani. Mmoja, uitwao SBC, ni wa lazima kwa kila kifaa cha muziki, na hivyo hakuna anayekosa lugha ya pamoja. Mingine ni ya nyongeza: AAC hupatikana kwenye iPhone na simu nyingi za Android, LDAC ni ya Sony, na aptX ni ya Qualcomm. Ukinunua visikizi ghali vyenye LDAC kisha ukavitumia na iPhone, umelipia chumba usichokilala, kwa sababu iPhone haina LDAC.

Wasiwasi unaostahili uko upande mwingine. Kuna mfumo mpya wa sauti uitwao LE Audio, unaopita ile njia ya nguvu kidogo. Msingi wake uliwekwa katika toleo la 5.2, na maandalizi yake yakakamilika mwaka wa 2022. Mfumo huu hauhitaji betri nyingi, na una uwezo wa kutangaza sauti moja kwa watu wengi kwa wakati mmoja, uwezo ulioitwa Auracast. Siku moja huenda mzee mwenye uzito wa kusikia akaketi kanisani au hospitalini na kupokea tangazo moja kwa moja katika kifaa chake cha masikioni. Lakini ili uyapate hayo, ni lazima simu na visikizi vyote viwili viwe na LE Audio. Nambari 5.3 au 5.4 pekee haitoshi kuthibitisha. Tafuta jina LE Audio lenyewe, na ukiwa na simu ya zamani, hakikisha visikizi unavyonunua bado vina ile njia ya kawaida.

JARIBIO LA KIDOLE

Hadithi yetu haikuishia pale visikizi viliposhika. Mpwa wangu alipitisha kidole kwenye skrini mara kadhaa, akakunja uso. "Vinafanya kazi, lakini vinachelewa. Nikigusa, nasubiri. Na neno la kwanza linamezwa. Badala ya 'Ujumbe' nasikia 'jumbe'."

Mimi na wewe tunaosikiliza muziki hatuwezi kulijua hilo. Wimbo ukichelewa robo ya sekunde hauna hasara, na programu za video huirekebisha picha ili iende sambamba na sauti. Lakini mtu anayesoma skrini kwa kidole hupoteza robo hiyo kila anapogusa, mara maelfu kwa siku. Na kwa kuwa visikizi vingine hulala kimya kinapotanda, sauti inaporudi mwanzo wake hupotea vikiwa bado vinaamka.

Fundi aliacha kazi yake. Alishuka ngazi, akarudi na jozi mbili alizoazima kwa jirani zake wanaomwamini. Jozi ya kwanza ilikuwa ya toleo 5.4, ndugu wa vile vya shilingi 6,200. Mpwa wangu alipitisha kidole. Akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa safi zaidi, besi nzito zaidi, lakini kuchelewa kulikuwa kule kule. Jozi ya pili ilikuwa ya shilingi 1,800, yenye kitufe cha hali ya michezo kilichowekwa kwa ajili ya wanaocheza kwenye simu. Hiyo ilipunguza kuchelewa, ingawa haikukumaliza.

Ndipo fundi alipofungua droo na kutoa visikizi vya waya, vyenye kichwa cha kuchomekwa katika tundu lile lile la kuchajia simu. "Jaribu hivi. Usitarajie kila waya kufaa, kwa sababu simu nyingine huchagua. Lakini vikikubali, vimekubali."

Vilikubali. Kidole kilipogusa, sauti ilitoka papo hapo. Mpwa wangu alikimbiza kidole juu na chini kama mtu anayepiga kinanda, na kwa mara ya kwanza tangu simu yake ivunjike nilimwona akisoma kwa kasi yake ya zamani. Maneno yalikuwa yakimtoka mdomoni kabla sijamaliza kuyasoma kwa macho.

"Bei?" niliuliza, nikiogopa.

"Shilingi 450."

Yaani kitu kilichomfaa zaidi kijana wetu hakikuwa na nambari yoyote ya Bluetooth. Na hivyo vya zamani navyo havikutupwa. Kimoja chake, cha kushoto, betri yake imechoka na hufa baada ya dakika 40 hivi. Mpwa wangu alisema haidhuru, kwa maana darasani hutumia sikio moja tu. La pili ni la mwalimu. Kimoja kikichoka atakirudisha kwenye kijaluba na kuvaa kingine. Vya waya vitakuwa vya kusomea na kuandika, na visivyo na waya vitakuwa vya simu na vya kusikiliza vitabu kitandani.

Fundi alikataa malipo ya kuviunganisha. Nilimbembeleza akapokea shilingi 150 za chai. Jumla yetu ikawa 600. Katika zile 7,000, zilibaki 6,400.

KABLA HUJATOA PESA

Nilimwuliza fundi angewashauri nini wanunuzi wanaofurika Luthuli kila Jumamosi, hasa wazazi wanaotayarisha wanafunzi. Alijibu kwa maswali.

Je, umebeba simu yenyewe itakayotumika? Visikizi vinavyoshika katika simu ya mwenye duka havikuambii lolote kuhusu yako. Je, umevilazimisha vya zamani visahau simu ya awali kabla ya kuvihukumu? Je, unajua utavitumia kwa kazi gani? Anayetaka muziki ajaribu muziki, anayetaka kupiga simu ampigie mtu, na anayetaka kucheza acheze. Na ukijaribia katikati ya Luthuli, usishangae sauti ikikatika kidogo, maana redio nyingi zinagombania masafa hayo hayo. Ingia ndani, ujaribu tena.

Na duka likikataa usijaribu? "Barabara ina maduka mengi," alisema.

KURUDI

Tulishuka hadi River Road, tukageuka, tukaipanda Luthuli tena wakati jua lilipokuwa likizama nyuma ya majumba. Maduka yalikuwa yakianza kufungwa. Kila mlango ulipoteremshwa, sauti moja ilikatika: kwanza benga, kisha mhubiri, kisha ile spika iliyotupokea. Mpwa wangu alipunguza mwendo. Nilidhani amechoka.

"La, mjomba," alisema. "Ni kwamba giza linaingia."

Nilimpa mkono, naye akaushika juu ya kiwiko kama ilivyo desturi yake, tukavuka Tom Mboya kuelekea kituo cha matatu. Visikizi vyote, vya zamani na vya waya, vilikuwa mfukoni. Masikio yake yalikuwa wazi.

Jumatatu aliripoti chuoni. Jioni hiyo dada yangu alinipigia simu kuniambia kwamba malipo ya hosteli yamepokelewa, na kitanda ni cha chini, karibu na mlango.